Kibofu changu hufuata saa

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwanamke akionekana na kitenge kilicholowa mkojo, watu hawaulizi mara mbili: ni fistula, aende Panzi. Siwalaumu. Hospitali ya Panzi, ambayo Daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, imewatibu maelfu ya wanawake waliopata tundu kati ya kibofu na uke baada ya uzazi uliokwama au baada ya kubakwa kikatili, na tangu daktari huyo alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, ugonjwa huo unajulikana hata na watoto wa shule. Lakini mimi sina tundu. Kibofu changu ni kizima, na mlango wake uko mahali pake. Kilichoharibika ni mawasiliano kati yake na ubongo, na hayo hakuna sindano wala uzi wa kuyashona.

Niliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho madaktari wetu hukiita ugonjwa wa Pott. Kilikula pingili za katikati ya mgongo hadi zikabonyea, na usaha pamoja na mifupa hiyo vikaubana ugwe wa neva unaopita ndani yake. Dawa za kifua kikuu, ambazo nchini kwetu mgonjwa hapaswi kuzilipia, zilinirudishia miguu kiasi cha kutembea kwa fimbo. (Anayeanza rifampisini asishtuke akiona mkojo una rangi ya chungwa, ni dawa, si damu.) Kibofu hakikurudi. Kwa kuwa napanda vilima vya Kadutu polepole na kusimama darasani kufundisha, watu huniona nimepona. Naandika haya kwa sababu nimekutana na wengi wenye shida kama yangu, waliopigwa risasi, walioanguka na pikipiki, waliopata kiharusi, na karibu wote walikuwa wamepewa ushauri mwingi juu ya namna ya kukaa mkavu, bila mtu kuwatajia figo hata mara moja.

Figo huchuja damu na kuteremsha mkojo kibofuni usiku na mchana. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 500, yaani karibu nusu lita. Kinapokaribia kujaa, neva zake hupeleka habari kwenye sehemu ya mwisho ya ugwe wa mgongo, na habari hiyo hupanda hadi ubongoni, ambako mtu huamua kama atasubiri au atakwenda. Ruhusa ikitoka, mambo mawili hutokea kwa pamoja: msuli wa kibofu hujikaza, na msuli wa mlango hulegea. Tunalifanya jambo hili tangu utotoni bila kulifikiria, na ndiyo maana likivurugika tunakosa hata namna ya kulieleza.

Ugonjwa ukiharibu sehemu ile ya mwisho ya ugwe, au neva zinazotoka hapo, kibofu hulegea. Hujaa bila nguvu ya kujikaza, na kinachotoka ni ule mkojo uliozidi tu. Ukiharibu ugwe juu zaidi, kama ulivyofanya kwangu, sehemu ya chini hubaki hai lakini haina wa kuiongoza: kibofu hujikaza chenyewe kabla hakijajaa, na mlango, badala ya kulegea, nao hujikaza wakati uleule. Mtu wa namna hii hulowa na hapohapo hubaki na mkojo mwingi ndani, jambo ambalo wengine huona vigumu kuliamini. Nakumbuka muuguzi mmoja aliyenitazama kuanzia kichwani hadi miguuni akasema, "Mama, unalalamika kwamba mkojo hautoki, na nguo hii imelowa nini?" Ubongo wenyewe ukiguswa, kama katika kiharusi au ugonjwa wa Parkinson, mlango kwa kawaida hutii, ila haja huja ghafla na haikubali kungoja.

Sasa fikiria kibofu kinachosukuma huku mlango umefungwa. Presha ndani yake hupanda, na mkojo huzuiwa kushuka kutoka figoni, au hurudi juu kabisa na vijidudu vyake. Wataalamu hupima presha hiyo kwa sentimita za maji, na tangu miaka ya 1980 wanajua kwamba kibofu ambacho hakivuji mpaka presha ifike zaidi ya 40 kinaziweka figo hatarini. Hakuna maumivu. Figo hutanuka na kufa polepole huku mwenyewe akila, akilala na kwenda kazini. Kati ya mwanamke anayebadilisha pampasi mchana kutwa na mwanamume anayejisifu kwamba tangu ajali yake hajawahi kulowa, na kwamba haja ndogo humpata mara moja tu kwa siku, mimi humhofia yule wa pili. Wa kwanza ana fedheha na ngozi iliyochubuka, wa pili anaweza kuwa anapoteza figo zake bila kujua.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wanajeshi wengi waliovunjika mgongo walikufa ndani ya wiki au miezi michache, na mara nyingi hawakuuawa na jeraha lenyewe bali na vidonda vya kulala na maambukizi yaliyopanda kutoka kibofuni. Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alifungua kituo cha waliovunjika mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwezi wa Februari 1944. Dunia inamkumbuka kwa michezo aliyoianzisha hapo mwaka 1948, iliyokuja kuzaa Paralimpiki. Mimi namkumbuka kwa sababu alisisitiza kibofu kitolewe mkojo mara kadhaa kwa siku kwa sondi, yaani katheta, inayoingizwa na kuchomolewa, badala ya kumwachia mgonjwa mpira ndani mwake siku zote. Alitaka lakini kazi hiyo ifanywe kwa usafi wa chumba cha upasuaji, na usafi huo nyumbani hauwezekani. Mwaka 1972 Jack Lapides, wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, alichapisha pamoja na wenzake habari iliyowashangaza wengi: mgonjwa anaweza kujiwekea sondi mwenyewe, kwa mikono iliyooshwa tu na sondi iliyooshwa tu. Hoja yake ilikuwa kwamba kibofu kilichotanuka kupita kiasi hukosa damu ya kutosha katika kuta zake, na kuta zenye njaa ya damu hushindwa kupambana na vijidudu, kwa hiyo kukitoa mkojo kwa wakati kuna faida kuliko kuhangaika na kila kijidudu. Kwa sisi tunaoishi na maji ya dumu, hoja hiyo ndiyo iliyotufungulia mlango.

Sondi yenyewe ni mpira mwembamba wenye matundu madogo pembeni mwa ncha. Pakiti yangu imeandikwa Ch 12. Namba hiyo huhesabu theluthi za milimita, kwa hiyo unene wake ni milimita 4. Njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa sentimita 4 hivi, na ya mwanamume karibu 20, ndiyo maana wanaume huhitaji sondi ndefu na jeli ya kulainisha isiyopungua. Nanawa mikono kwa sabuni chini ya dumu dogo lililotobolewa kifuniko, kwa sababu maji ya bomba mtaani kwetu huja yakipenda. Nakaa ukingoni mwa kiti, mguu mmoja juu ya kigoda. Siku za kwanza muuguzi aliniwekea kioo kidogo chini ili nione ninachofanya. Sasa kioo kiko kabatini, kidole cha kati kinapajua pahali. Najisafisha kutoka mbele kwenda nyuma, naingiza sondi taratibu, na baada ya ukinzani mdogo mkojo huanza kuangukia kwenye kikombe cha plastiki chenye mistari ya mililita. Ikiteleza ikaingia ukeni, siichomoi: naiacha pale iwe alama ya njia isiyo yenyewe, nachukua nyingine. Mtiririko ukikatika bado kazi haijaisha. Navuta sondi kidogo, nasubiri, navuta tena, na karibu kila mara hutoka funda jingine ambalo lingebaki chini.

Kiwanda huandika kwamba sondi itumike mara moja na kutupwa. Anayeweza na afanye hivyo. Wengi wetu hatuwezi, maana hesabu ya sondi tano kwa siku kwa mwezi mzima ni mzigo mzito kwa mshahara wa mwalimu, na wanaotufundisha wanalijua hilo. Yangu huoshwa mara tu baada ya kutumika, kabla mkojo haujakauka ndani, kwa sabuni na maji yaliyochemshwa yakapoa, ambayo nayapitisha ndani ya mpira mpaka yatoke safi. Kisha naikung'uta na kuianika hewani juu ya kitambaa kilichopigwa pasi, na ikikauka kabisa huingia kwenye kopo lake lenye mfuniko. Sondi ya plastiki kama yangu hulegea na kujikunja ikichemshwa, kwa hiyo siichemshi. Ikikwaruza, ikibadilika rangi au ikiwa ngumu, inakwenda kwenye takataka. Zile zenye utelezi uliotengenezwa kiwandani, zinazoamshwa kwa maji, hazifai kurudiwa kabisa.

Ratiba yangu ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na kabla ya kulala. Wengi huhitaji mara 4 hadi 6 kwa siku. Kipimo si idadi ya safari bali kikombe, ambacho hakitakiwi kuonyesha zaidi ya mililita 400 au 500 kwa wakati mmoja. Nilipoanza nilikuwa na daftari la mistari: saa, kilichoingia, kilichotoka, kama nimelowa kabla ya saa au la. Daftari hilo lilimsaidia daktari kuliko maneno yangu yote. Kikombe kikionyesha 600 mara mbili mfululizo, nasogeza saa karibu. Mimi sisubiri dalili, kwa sababu dalili zangu haziaminiki: mara nyingine ni baridi kwenye mikono, mara nyingine mguu wa kushoto unaanza kurukaruka chini ya meza, mara nyingine hakuna kitu. Saa nne huangukia mapumziko ya shule, na mwenzangu mmoja aliwahi kunitania mbele ya watu, "Mwalimu, wewe na kengele mmeoana?" Nikamjibu kwamba ndiyo, na mahari ilishalipwa.

Kuna ushauri mmoja ambao akina mama hupeana kwa nia njema, nao unadhuru: usinywe maji, utakaa mkavu. Mkojo mzito huchoma kuta za kibofu, hulea mawe, na choo hukauka. Nakunywa kati ya lita moja na nusu na mbili kwa siku, nyingi kabla ya saa kumi alasiri, jioni kidogo, na kasiksi nimeiachia wanaoipenda kwa sababu pombe hukijaza kibofu nje ya ratiba. Miguu inayovimba mchana ina hila yake: maji yaliyojikusanya humo hurudi kwenye damu mtu akilala, figo huyachuja, na kibofu hufurika usiku wa manane. Kuinua miguu juu ya mto kwa muda wa saa moja hivi alasiri kunapunguza adha hiyo. Choo kigumu nacho hukibana kibofu kutoka nyuma, kwa hiyo sombe, maharage na papai mezani kwetu vina kazi ya ziada.

Kuhusu vijidudu, ninatofautiana na nusu ya mtaa, na nina hakika na msimamo wangu. Mtu anayetumia sondi kila siku, ukipima mkojo wake wakati wowote utakuta bakteria. Wanaishi humo. Mkojo wenye harufu, au ulio na ukungu kidogo, bila homa na bila jambo jingine, si ugonjwa unaohitaji antibiotiki. Kwanza unahitaji maji ya kunywa na sondi iliyoingizwa kwa saa yake. Lakini duka la dawa liko kila kona, siprofloksasini huuzwa kwa vidonge vya kuhesabu, na mgonjwa aliyeonyeshwa karatasi ya maabara yenye alama za kujumlisha hununua vinne, akajisikia vizuri, akaviacha. Baada ya kurudia hivyo miaka kadhaa, bakteria waliobaki ni wale ambao hawatishwi na kidonge chochote, na siku anapougua kweli daktari hana silaha iliyobaki isipokuwa sindano za bei kali, kama zipo. Wajawazito, na mtu anayekaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo au kuingizwa vyombo humo, wana sheria yao tofauti. Hao hutibiwa hata kama hawasikii kitu.

Ugonjwa wa kweli una sura yake. Mtu hupata homa, hutetemeka, huumwa ubavuni chini ya mbavu, huona damu, au huanza kulowa ghafla wakati alikuwa ameshazoea kukaa mkavu, na misuli ya miguu iliyokuwa imetulia hukakamaa upya. Wengine hawahisi kuchoma hata kidogo, maana neva za kuhisi nazo zimekufa. Hapo mkojo upelekwe maabara kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, ili bakteria waoteshwe na dawa ichaguliwe kwa ushahidi, na kibofu kitolewe mkojo mara nyingi zaidi kuliko siku za kawaida. Homa yenye kutetemeka na maumivu ya ubavuni haingoji kesho. Na maambukizi yakirudi tena na tena, antibiotiki ya kinga siyo swali la kwanza la kuuliza: je, kuna jiwe, kuna mkojo unaobaki, saa zinarukwa, mikono inaoshwa?

Kulowa kati ya sondi na sondi kulinisumbua mpaka nilipoandikiwa oksibutinini, dawa inayotuliza msuli wa kibofu. Hupunguza presha, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa, ukavu ni bakshishi. Gharama yake ni mdomo uliokauka mpaka somo la dakika hamsini likawa kazi, choo kilichozidi kukaza, na kwa wazee akili inaweza kuvurugika, kwa hiyo wapewe kwa uangalifu au wasipewe. Kuna pia sindano za sumu ya botulini zinazochomwa ndani ya kuta za kibofu, ambazo hukituliza kwa miezi kadhaa, lakini anayezipata lazima awe tayari kutumia sondi kila siku. Kwa wengi wetu hapa hizo ni habari za mbali.

Nisieleweke kwamba sondi ya kudumu, ile yenye puto la maji ndani na mfuko nje, ni mbaya kwa kila mtu. Mtu ambaye mikono yake haishiki, au ambaye hana wa kumsaidia, anaihitaji. Lakini itunzwe kwa kazi yake: mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu daima, hata kwenye pikipiki, bomba lisikunjwe, na mpira wa kawaida wa lateksi ubadilishwe kila baada ya wiki 4 hivi, ule wa silikoni hadi wiki 12. Ikiwa ni ya miaka, tundu dogo chini ya kitovu mara nyingi huwa bora kuliko kupitisha mpira kwenye njia ya mkojo, ambayo huchanika taratibu. Wanaume wana njia nyingine, ala ya mpira inayovalishwa uume kama kondomu na kuunganishwa na mfuko, nzuri kwa safari na kanisani. Haimfai ambaye kibofu chake hakitoi mkojo wote, kwa maana hufunika tatizo na kuliacha palepale. Na lile zoezi la kukandamiza tumbo kwa ngumi ili mkojo utoke, ambalo wagonjwa hufundishana wodini, linapaswa kuachwa na kila mtu ambaye mlango wake haulegei. Kandamiza mlango uliofungwa, nawe unasukuma mkojo figoni kwa mikono yako mwenyewe.

Aliyeumia mgongo juu, kuanzia usawa wa matiti kwenda shingoni, ajue hatari moja ambayo haimpati mtu kama mimi. Kibofu kikijaa kupita kiasi, au mpira ukiziba, mwili wake hutuma kengele isiyoweza kuzimwa na ubongo: presha ya damu hupanda ghafla, kichwa hugonga, uso huwa mwekundu na kutoka jasho, huku miguu ikiwa baridi. Watu hukimbilia kumlaza na kumwombea. Asilazwe. Akalishwe wima, nguo na mikanda vilegezwe, na kibofu kitolewe mkojo mara moja au bomba lichunguzwe lilipokunjwa. Ikiwa kibofu ni kitupu, kinachofuata kuchunguzwa ni choo kilichoziba. Presha isiposhuka, ni hospitali, kwa sababu inaweza kupasua mshipa ubongoni.

Si kila mwenye neva zilizoguswa anahitaji sondi. Baba aliyepata kiharusi na haja yake haingoji mara nyingi husaidiwa kwa kupelekwa chooni kila baada ya saa mbili au tatu, aombe au asiombe, na kwa kuwekewa chombo karibu na kitanda. Lakini asipotoa mkojo wote, tezi dume nayo ichunguzwe, maana umri huleta yote mawili. Mwenye kisukari cha miaka mingi hupoteza hisia ya kujaa polepole bila kugundua, naye pia anafaa kufuata saa, akojoe, asubiri kidogo, akojoe tena. Na kuna jambo moja la vilimani kwetu. Konzo, ule ugonjwa wa kukakamaa miguu unaotokana na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, umeripotiwa hata katika Kivu Kusini, na kwa kawaida haugusi kibofu. Mtu aliyeambiwa ana konzo, na mkojo wake una matatizo, arudishwe kupimwa: huenda ni Pott, ambayo ina dawa, au virusi vya HTLV-1, vinavyoweza kudhuru ugwe wa mgongo na ambavyo mara nyingi huanza kuonekana kwenye kibofu.

Watoto waliozaliwa na mgongo wazi ndio wanaonihuzunisha zaidi, kwa sababu kwao kila kitu hutegemea kuanza mapema. Mama hufurahi kidonda kimeshonwa na kichwa hakijajaa maji, na habari za kibofu humfikia mtoto akiwa na miaka saba, figo moja imeshasinyaa. Sondi inaweza kuanza akiwa mchanga, mama akifundishwa, na mtoto mwenyewe hujifunza kati ya miaka sita na kumi, mara nyingi haraka kuliko sisi watu wazima wenye aibu. Watoto hao hupata mzio wa lateksi kwa urahisi, kwa hiyo tangu mwanzo watafutiwe sondi na glovu zisizo na lateksi.

Ndoa na kibofu ni suala ambalo wauguzi hulikwepa. Nilimwuliza mmoja, mama mtu mzima kutoka Bagira, naye akacheka kwanza, kisha akaniambia, "Binti yangu, mficha uchi hazai. Toa mkojo kabla, weka taulo, mwambie bwana yako ukweli, basi." Ushauri huo ni kamili kitaalamu, na sijakutana na mwingine ulio bora.

Mara moja kwa mwaka nafanya ekografi, yaani altrasaundi, ya figo na kibofu. Ni kipimo kinachopatikana hapa mjini, hakiumi, na huonyesha figo iliyotanuka, jiwe, na mkojo uliobaki baada ya sondi; mahali ambapo hakuna chombo cha kupima presha ya kibofu, hicho ndicho jicho letu. Nalipia pia kipimo cha damu cha kreatinini, ila namkumbusha daktari kwamba miguu yangu imepungua nyama. Kreatinini hutoka kwenye misuli, na mwenye misuli michache anaweza kuonyesha namba nzuri huku figo zake zimeshachoka. Mara ya mwisho daktari kijana alinisikiliza, akaliandika kwenye faili, akaomba na kipimo cha pili.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la safari, hasa mashua ya kwenda Goma. Ile ya haraka inavuka ziwa katikati ya sondi mbili, haina shida. Kwa ile ya usiku nabeba sondi tatu zilizokauka katika mifuko miwili tofauti, maana mzigo ukipotea usipotee na zote, chupa ya maji yaliyochemshwa, sabuni, na kopo la mdomo mpana lenye kifuniko kinachokaza. Chai ya jioni naikataa, na saa ya simu naitegesha iite saa nane za usiku, sauti ya chini, chini ya mto.